Imefungwa, Limefungwa

Sauti ya stata inayozungusha injini isiyotaka kuwaka naijua kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe. Nga-nga-nga-nga, halafu kimya. Nga-nga-nga, halafu kimya kirefu kuliko cha kwanza. Siku hizi naishi Gede, kando ya barabara, nakaanga viazi na mihogo, na ng'ambo yangu kuna uwanja ambapo malori hupumzika. Asubuhi dereva akipiga stata na injini ikakataa, mimi huacha kisu juu ya kiazi nikangoja. Siwezi kumenya tena mpaka iwake. Wateja wangu wanadhani nina ugonjwa wa moyo. Labda ninao, sijapimwa. Lakini ninalolingoja si injini. Nangoja kusikia watu watakaosimama pale watasema nini.

Haya nimeyaandika mara tatu katika daftari, na kila nikiyasoma naona nimejipunguzia kosa. Mara ya kwanza niliandika kwamba nilikigusa kishikio fulani cha lori la baba kwa bahati mbaya. Mara ya pili nikaandika kwamba sikumbuki. Mimi niliacha shule darasa la sita, sijui kupamba maneno, lakini kumbe hata asiyejua kupamba anajua kuficha. Basi safari hii nitajaribu kuyapanga yalivyokuwa, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Nilikuwa na miaka tisa, au kumi. Mama hakuandika popote, na baba alihesabu umri wetu kwa mavuno, na mwaka ule hapakuwa na mavuno. Kwetu ni nje kidogo ya Vitengeni, bara, ambako mvua ikikosa mara mbili watu huanza kutazamana vibaya. Lambo letu lilikuwa limebaki tope lililopasukapasuka, na katikati yake mbuzi waliokwenda kutafuta maji wakanasa na kufia hapo hapo, upepo ukituletea harufu yao kila adhuhuri. Shule ilifungwa kwa kukosa maji ya kupikia. Baba alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Malindi. Siku za kawaida lilibeba mawe ya kujengea, lakini ukame ulipozidi yule tajiri aliamuru lipakiwe matangi makubwa meusi, baba achote maji Gede atuletee. Tusimnyime haki yake, alifanya hivyo bila kuombwa. Lori lililala uani kwetu. Baba alikuwa na harufu ya dizeli mikononi ambayo sabuni haikuiweza, na akinikatia ugali niliisikia kwenye tonge. Mpaka leo harufu hiyo kwangu ni harufu ya kushiba.

Ndani ya lile lori, chini ya usukani upande wa kulia, kulikuwa na kishikio cheusi cha kuvuta, kidogo kama kizibo cha chupa. Wanaojua malori ya zamani wanakijua. Ukikivuta, waya unakwenda mpaka kwenye pampu na kuizuia dizeli isipite, injini inazimika. Ukitaka kuwasha lazima ukirudishe ndani kwanza. Ila cha kwetu kilikuwa kimekufa, waya ulikatika kabla sijajua kusoma. Baba akitaka kuzima alitia gia kubwa, akakanyaga breki, akaachia klachi taratibu mpaka lori likatikisika lote na injini ikajifia. Kwa hiyo kile kishikio kilikuwa changu. Baba mwenyewe alinipa. "Hicho cha Kadzo," alisema, "vingine usiguse." Jioni nilipanda kitini nikawa dereva, na kila nilipofika Mombasa yangu ya kubuni nilikivuta kwa nguvu nikasema pssss.

Wiki moja kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, lori lilipelekwa gereji Malindi kwa sababu pampu ilivuja. Likarudi Ijumaa. Fundi wa kule aliifungua pampu, akaifunga, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi yake, akauona waya uliokatika akaubadilisha. Hakusema. Au alimwambia mtu ambaye hakumwambia baba. Sijui, na sitamlaumu mtu kwa kutengeneza kilichoharibika. Baba akalileta nyumbani, na kwa mazoea ya miaka akalizima kwa gia na breki kama siku zote. Jumamosi akaleta maji. Jumapili baada ya kanisa nikapanda kitini, nikaenda Mombasa yangu, nikakivuta kishikio. Nakumbuka kilikuwa kizito kuliko nilivyokizoea. Nilidhani ni kutu. Mama akaniita nikaokote kuni, nikaruka chini nikakiacha nje.

Sasa nimlete Mzee Nzai. Alikuwa jirani yetu wa upande wa mikorosho, mzee wa peke yake, nywele nyeupe pe kama pamba iliyopasuka. Tulimwita tsawe, yaani babu, ndivyo tulivyowaita wazee wote kwetu. Mkewe alikufa, na watoto hawakujaliwa. Miaka mingi alikuwa ameendesha trekta kwenye shamba moja la makonge huko Kilifi, na alipostaafu akarudi na kofia moja, redio moja, na ulimi. Maana ulimi hauna mfupa, na wa kwake ulikuwa mlaini zaidi. Jumamosi ile alichelewa foleni ya maji kwa ajili ya miguu, watu wakampita, na mtungi wake ulipofika kwenye bomba matangi yakawa yanatoa hewa. Akacheka, cheko la kukasirika. "Sawa," akasema, "leo yamenipita mimi, kesho yatawapita nyinyi." Nilikuwepo. Nilimwona mama akimmiminia nusu ya ndoo yetu, naye akapokea kwa mikono miwili. Lakini maneno yale yalikuwa yameshatoka, na maji yakimwagika hayazoleki.

Jumatatu asubuhi watu walishajaa uani na mitungi, wakisubiri lori liende lirudi. Baba akapanda, akapiga stata. Nga-nga-nga-nga. Akapiga tena. Injini ilizunguka vizuri kabisa, betri ilikuwa na nguvu, lakini haikushika, na kwenye ekzosi hapakutoka hata uzi wa moshi. Akaitwa Katana, fundi wa mashine ya kusagia mahindi, ambaye mwaka ule hakuwa na mahindi ya kusaga. Nataka niwe mwadilifu kwa Katana. Alifanya kazi yake kwa mpangilio. Alipima tangi la dizeli kwa kijiti, kijiti kikatoka kimelowa. Akafungua filta, akapiga pampu ya mkono mpaka povu la hewa likaisha na dizeli ikatoka safi. "Hewa hakuna," akasema. Akamwomba baba apige. Ikazunguka, haikuwaka. Akauliza, nami nilikuwa nimesimama kwenye gurudumu la mbele nikasikia kwa masikio yangu haya: "Na waya wa kuzimia je?" Baba akajibu kutoka ndani, bila kutazama chini, "Ule ulikatika zamani. Hauna kazi."

Hapa ndipo huwa nasimama nijipime. Je, nilijua wakati huo? Nadhani lilinipitia wazo kwamba kishikio nimekiacha nje. Lakini baba alisema hakina kazi, na baba ndiye aliyejua malori. Mtoto humwamini mzazi hata dhidi ya mkono wake mwenyewe. Kwa hilo najisamehe. Kwa yaliyofuata, bado.

Katana akalegeza nati za mirija inayotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli, zile za juu ya injini zinazorusha dizeli ndani, akasema, "Piga." Injini ikazunguka, mirija ikabaki mikavu. Akajifuta jasho kwa bega, akasema kwa sauti ya kuchoka, ya mtu anayezungumza na chuma: "Dizeli inafika kwenye pampu, lakini haitoki. Imefungwa."

Alikuwa sahihi kabisa. Hata leo ukimuuliza fundi yeyote atakwambia hilo ndilo neno lake. Lakini nyuma yake alikuwa amesimama kijana mmoja, Charo, mcheshi wa kijiji, na Charo akageuka akawaambia walio nyuma, "Fundi anasema limefungwa." Herufi moja tu iliongezeka. Dizeli imefungwa, lori limefungwa. Mwalimu wetu wa Kiswahili angetia alama nyekundu hapo, nalo si kosa dogo, kwa kuwa kwetu sisi chombo kikifungwa maana yake kuna mtu amekifunga, kwa dawa za uchawi. Maneno yakatoka kwenye boneti yakafika kwenye foleni ya mitungi, na yalipofika nyuma kabisa yalikuwa yameota miguu. "Si alisema Jumamosi? Si alisema kesho yatatupita?" Walikuwepo watu waliochoka, waliokunywa tope. Alikuwepo Sidi, jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye siku sita nyuma alimzika mtoto aliyeharishwa na maji ya lambo. Sisemi walikuwa watu wabaya. Nimekula kwao wote.

Wakati huo betri ilishaanza kuchoka, sauti ya stata ikiwa nzito, nga... nga... nga, baba akasema tusipige tena ovyo. Ndipo Mzee Nzai akatokea kwenye mikorosho na mtungi wake. Hakuna aliyemwamkia. Mimi kwa mazoea nikasema, "Shikamoo, tsawe," mama akanifinya mgongoni mpaka leo nadhani alama ipo.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Kumbe wenye adabu bado wapo. Limekataa?"

"Tsawe," Charo akasema, na watu wakacheka kicheko kisicho na furaha, "umekuja kulitazama au kulifungua?"

"Nimekuja kutafuta maji kama wewe. Koo langu nalo ni koo." Akamsogelea Katana, akauliza hiki na kile, akatazama ile mirija mikavu, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na jamaa yake wa zamani. Akaenda mlango wa dereva. Baba alikuwa ameketi kitini, mzee akaegemea, akaingiza mkono wa kulia chini ya usukani. Waliokuwa nje waliona mkono wa mzee ukizama ndani ya lori na kutoka. Hawakuona zaidi. "Katana, usikaze kwanza, tazama," akasema. "Haya, piga."

Stata ikajikokota mizunguko minne mitano, na dizeli ikaruka kwenye mirija ikamlowanisha Katana shati. "Imefunguka!" Katana akapiga kelele kwa furaha. Akazikaza nati mbiombio, baba akapiga tena, injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikawaka, uwanja wote ukatetemeka. Nilimwona Mzee Nzai akifungua kinywa, akionyesha kidole ndani, akieleza. Nilikuwa karibu nikasoma midomo yake: kilikuwa kimevutwa tu. Lakini baba alikuwa amekanyaga mafuta ili betri isife, na ngurumo ile ikayameza maneno ya mzee yote. Nyuma huko neno la Katana lilikuwa limeshabadilika njiani kama lile la kwanza. Katana alisema imefunguka. Lilifika kwenye foleni limefunguliwa. Na kitu kikifunguliwa lazima awepo aliyekifungua, na afunguaye ndiye aliyefunga. Sidi ndiye aliyelisema kwanza, si kwa ukali, kwa mshangao tu: "Amelifungua mwenyewe."

Baba akaniita, "Kadzo, panda!" Nikapanda. Kishikio kilikuwa ndani. Nikakitazama, na hapo nikajua. Nilikuwa na mdomo, na dirisha lilikuwa wazi, na watu walikuwa hatua kumi. Sikusema. Niliogopa kupigwa kwa kuchezea lori. Ndiyo sababu yote, sina nyingine kubwa zaidi ya kuandika. Niliogopa fimbo moja.

Tukaingia msituni njia ya Gede. Kwenye mteremko mmoja baba akasimamisha lori, injini ikinguruma. Kisha akainama, akakivuta kile kishikio taratibu kwa vidole viwili, kama mtu anayevuta mwiba. Injini ikazimika. Msitu wote ukanyamaza, nikasikia nyuki. "Nani aliunga waya huu?" akasema, si kwangu. Halafu akanigeukia, akanitazama muda mrefu, nami nikatazama magoti yangu. Akashika usukani kwa mikono miwili kama anayetaka kuugeuza, hata gurudumu likazunguka kidogo kwenye mchanga, nikaliona. Nadhani niliomba tugeuze. Au ninaongeza leo kwamba niliomba. "Tukajaze maji kwanza," akasema. "Watu wana kiu." Akakirudisha ndani, akaliachia lori literemke, likashika lenyewe.

Foleni ya bomba Gede ilikuwa ndefu. Tulirudi baada ya alasiri matangi yakiwa yamejaa, na kabla ya kuona chochote tulinusa. Nyumba ya makuti inapoungua ina harufu tamu, kama nazi iliyosahaulika mekoni, na hilo ndilo linalonichukiza zaidi. Nyumba ya Mzee Nzai ilikuwa majivu na nguzo mbili. Moto ulikuwa unatambaa kwenye majani makavu kuelekea mikorosho na paa za wengine, kwa hiyo ndoo za kwanza za maji tuliyoyafuata, tuliyosema watu wana kiu nayo, zilimwagwa hapo. Yalichemka na kutoa sauti. Watu walipanga mstari wakapitisha ndoo vizuri sana, kwa umoja. Penye wengi hapaharibiki neno, husemwa. Siku ile wengi walikuwepo asubuhi, na mchana, na jioni.

Mzee mwenyewe alikuwa hai. Alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye gurudumu la baiskeli ya mpwa wake aliyekuja kumchukua. Walikuwa wamempiga ule mkono. Si kichwa wala mgongo, mkono wa kulia, ule ulioingia ndani ya lori. Ulikuwa umefungwa kwa leso, na leso ile ilikuwa ya Sidi, aliichana mwenyewe akamfunga. Huyo huyo Sidi. Sijui niandike lipi kwanza kumhusu, la asubuhi au la jioni, maana nikitanguliza moja nitakuwa nimemwonea. Charo alikuwa kwenye mstari wa ndoo, analia.

Baba akamsogelea mzee, akachuchumaa, akasema shikamoo. Mzee akamwinulia macho. "Liliwaka vizuri huko njiani?" akauliza.

"Liliwaka," baba akasema.

Basi. Hayo ndiyo waliyozungumza. Nilikuwa nyuma ya baba, ningeweza kuugusa ule mkono. Mpwa wake akampakia kwenye baiskeli akamsukuma mpaka barabarani, wakaenda kwa jamaa zao upande wa Rabai. Mvua zilipokuja mwishowe, tulisikia alikwishafariki. Wengine walisema ni mkono uliooza, wengine walisema ni uzee tu. Sikufuatilia. Waliokuja kuuliza nani alichoma waliambiwa kila mtu alikuwa amekwenda kutafuta maji. Kesho yake baba alianza kulizima lori kwa kuvuta kishikio, hadharani, mbele ya watu, kila siku. Hakuna aliyeuliza kilitengenezwa lini. Mimi sikupanda tena kitini, naye hakunipiga hata fimbo moja. Mara nyingi nimetamani angenipiga.

Malori yanayolala ng'ambo yangu hapa Gede hayana vishikio vile, yanazimwa kwa ufunguo tu. Injini ikikataa, huja kijana na simu au kimashine, anakichomeka, kinamwandikia kasoro yenyewe, na hakuna haja ya mzee kuingiza mkono. Hilo ni jema, nalisema kwa moyo safi. Lakini bara kwetu maneno bado yanaota herufi njiani, na siku hizi yanakwenda kwa simu pia. Kwa hiyo kila mwezi mimi hupanda kwenda Vitengeni na pakiti ya rangi nyeusi ya nywele, sabuni na kitana. Baba amezeeka, amebaki peke yake tangu mama afariki, nywele zake zimekuwa pamba kama za yule mwingine, na mwaka huu jirani mmoja alipofiwa na ng'ombe, vijana walipita uani kwake wakamwita mzee kwa sauti ambayo hakuipenda. Si yeye pekee. Kule mvi peke yake sasa ni ushahidi, na utakutana na wazee wa miaka themanini wenye nywele nyeusi ti kama za wavulana, wanakutazama kwa aibu, na wewe unajifanya hujaona.

Mwezi uliopita nilimkalisha kwenye kigoda nikampaka, na nilipokuwa nyuma yake, pale asipoweza kuniona uso, nikasema. "Baba, kile kishikio nilikivuta mimi. Jumapili, nikicheza."

Hakugeuka. "Najua," akasema. "Nililijua hilo pale msituni. Wewe ulikuwa mtoto." Rangi ilikuwa ikimtiririka shingoni. "Mimi ndiye niliyekuwa na usukani."

Nikaendelea kupaka, nyuma ya masikio, kwenye kisogo, pale panapobaki weupe mtu asipoangalia. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha, kama vyake vya zamani, na najua kwa kuwa nimejaribu kwamba sabuni haiviwezi. Nikamwambia nimemaliza. Akachukua kioo kidogo, akajitazama kwa makini, kushoto, kulia, kisha akanirudishia kitana.

"Na nyusi, mwanangu," akasema. "Umesahau nyusi."